Mtito Andei hadi Taveta: kusoma mawe ya kumbukumbu, siku kwa siku

Kaunti ya Taita Taveta imepitiwa na kila kilichoingia Kenya kutoka pwani: misafara ya pembe, wamisionari, reli, majeshi ya Waingereza na Wajerumani, kisha wafungwa wa Hali ya Hatari. Historia hiyo imelala kando ya barabara mbili, A109 ya Nairobi–Mombasa (sasa A8) na A23 inayochepuka Voi kuelekea Taveta na mpaka wa Holili. Shida ni kwamba jiwe la kumbukumbu husimama pale ambapo mtu alikuwa na pesa na sababu ya kulisimamisha. Ukifuata mabango peke yake utarudi nyumbani na historia ya maafisa. Ndiyo maana simulizi hii inapita kwenye mawe, lakini inasimama pia kwenye tuta la reli, kwenye handaki lililojaa miiba na kwenye vijiji ambavyo majina ya watu wake hayakuchongwa popote.

Kabla ya kuondoka, jambo moja la ramani. Takriban asilimia 62 ya kaunti ni Hifadhi za Tsavo Mashariki na Magharibi. Vituo kadhaa viko ndani au kandokando ya hifadhi, na humo huwezi kushuka garini popote upendapo. Malipo ya kuingia hifadhini hufanywa kwa eCitizen, si kwa pesa taslimu, hivyo lipia mahali penye mtandao kabla hujafika getini. Beba magurudumu mawili ya akiba, kwa sababu miiba ya migunga haina huruma na mafundi wa pancha ni wachache baada ya Mwatate. Maji: lita nne kwa kila mtu kwa siku, na zaidi ukikusudia kupanda Kasigau.

Siku ya kwanza: Mtito Andei, Tsavo, Manyani, Voi

Ondoka Mtito Andei kabla ya saa moja asubuhi. Kuna kama kilomita mia moja tu hadi Voi, lakini malori ya masafa marefu hujaza barabara kukikucha, na bega la barabara si pana kila mahali. Kusimama ghafla mbele ya lori la kontena ili upige picha ya bango ndiyo ajali inayoepukika kuliko zote katika safari hii. Kanuni ni rahisi: pita kwanza, tafuta mahali pa kuegesha pakavu na papana, halafu rudi kwa miguu ukiwa upande unaotazamana na magari.

Kituo cha kwanza ni mto Tsavo. Madaraja ya reli hulindwa, kwa hiyo jitambulishe kwa walinzi na uombe ruhusa kabla hujainua simu. Hapa ndipo reli ya Uganda ilipokwama mwaka 1898. Luteni Kanali John Henry Patterson alifika mwezi Machi kusimamia ujenzi wa daraja, na kuanzia hapo hadi Desemba simba wawili madume wasio na manyoya ya shingoni waliwavuta wafanyakazi kutoka kwenye mahema usiku. Wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29 Desemba, na daraja likakamilika Februari 1899. Ngozi zao alizifanya mazulia kwa miaka mingi, kisha mwaka 1924 akaziuza kwa jumba la makumbusho la Field huko Chicago kwa dola 5,000, na hadi leo simba wenyewe wako huko.

Tazama namna idadi ya waliokufa inavyoyumba. Patterson alifikia kutaja watu 135. Kumbukumbu za reli zinahesabu Wahindi 28. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliopima kemikali katika mifupa na nywele za simba hao ili kujua walikula nini, ulikadiria watu kama 35. Ile 28 ni hesabu ya waliokuwa kwenye daftari la mishahara. Waafrika waliokuwa wakifyeka njia na kubeba maji hawakuandikwa humo, na hapo ndipo tofauti inapoanzia. Karani aliyeshika daftari ndiye aliyeamua nani atakumbukwa, na hilo litajirudia njia nzima.

Kilomita chache mbele ni Manyani. Upande mmoja kuna geti la Tsavo na chuo cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Gereza lenye ulinzi mkali liko hapo hapo. Usipige picha ya gereza, hata kwa mbali, hata kama unachotaka ni mlima ulio nyuma yake. Wakati wa Hali ya Hatari palikuwa kambi kubwa ya kuwazuilia washukiwa wa Mau Mau, iliyofunguliwa mwaka 1954 na kushikilia zaidi ya watu elfu kumi. Mwaka huo huo homa ya matumbo ililipuka kambini. Sababu si fumbo: watu wengi mno, maji machache, na vyoo vilivyochimbwa kwa haraka katika nchi kame. Waliopimwa wakaonekana wagumu walibaki au walipelekwa kambi nyingine kali zaidi. Waliolegea walirudishwa hatua kwa hatua kuelekea nyumbani, kambi hadi kambi, mpango ambao wakoloni wenyewe waliuita bomba. Msafiri anayepita kwa basi huona ukuta, mnara na mbuni wakichungulia kutoka vichakani.

Ingia Voi mchana, upumzike. Makaburi yanasomeka vizuri zaidi asubuhi.

Siku ya pili: makaburi ya Voi, Maungu, Kasigau

Makaburi ya vita ya Voi yanatunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Utayatambua kwa bango la kijani na nyasi zilizokatwa, jambo la nadra katika mji huu mkavu. Fika saa moja hadi saa mbili asubuhi. Jua likiwa chini, mwanga hupita kwa ulalo juu ya jiwe na kila herufi hutupa kivuli chake. Saa sita jiwe lile lile huonekana tupu.

Kama maandishi yamefifia, simama ubavuni mwa jiwe na umulike kwa tochi kutoka pembeni, au urudishe mwanga wa jua kwa kioo kidogo. Ondoa vumbi kwa brashi laini. Usipake chaki wala unga ili herufi zitokee, na usikaribishe brashi ya waya: chaki hubaki kwenye vinyweleo vya jiwe na kuvuta unyevu, waya huondoa tabaka la juu lililobeba maandishi yenyewe. Nakili herufi kwa herufi, pamoja na makosa. Ukisahihisha jina kichwani mwako, hutaweza tena kulipata kwenye daftari la tume, kwa kuwa huko limeandikwa vile vile kimakosa.

Jiwe la kawaida la askari lina mpangilio mmoja: namba ya utumishi, cheo, jina, kikosi, tarehe ya kufa, umri ukijulikana, na chini kabisa maneno yaliyochaguliwa na familia. Anza na tarehe. Katika nchi hii, vita yenyewe ilikuwa na siku chache zinazojulikana: 14 Julai 1915 pale Mbuyuni, 12 Februari 1916 pale Salaita, 11 na 12 Machi 1916 pale Latema na Reata. Tarehe iliyo mbali na siku hizo mara nyingi ni malaria, kuhara damu au homa nyingine, na ukihesabu safu mbili tatu utaona jinsi mbu na maji machafu yalivyofanya kazi kuliko risasi. Hilo halimo kwenye bango lolote. Ni hesabu unayoifanya mwenyewe ukiwa umechuchumaa.

Kaburi linalotafutwa na wengi hapa ni la Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, wa kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alijeruhiwa mguuni, na walipotaka kumbeba aliwaamuru wamwache abaki na majeruhi wengine wasioweza kuondoka. Alipewa Msalaba wa Victoria baada ya kufa. Msome, halafu tembea safu zote. Wageni wengi hupiga picha moja na kuondoka baada ya dakika tano.

Kuanzia saa nne elekea Maungu, upande wa Mombasa. Kilima cha Maungu kilikuwa kituo cha misafara kwa sababu moja tu, maji. Tambarare yote kutoka Taru haina mto, na maji yalikuwa juu ya mwamba, kwenye ngurunga, yale mashimo ya mawe yanayohifadhi maji ya mvua. Msafara uliofika ukakuta ngurunga zimekauka ulikuwa na uamuzi mbaya wa kufanya, kurudi au kukaza mwendo hadi Ndara kiu ikiwa imewashika. Mpelelezi Joseph Thomson alipita njia hii mwaka 1883 akielekea Taveta. Ukisimama chini ya kilima ukatazama jinsi njia ya misafara, reli ya zamani, barabara na reli mpya ya SGR zinavyopita sambamba, unaelewa kwamba mawe na maji ndiyo yaliyochora ramani ya kwanza, wahandisi wakafuata.

Chepuka Maungu kuingia barabara ya murram kwenda Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Tenga saa moja na nusu. Kikinyesha, udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na gari lisilo na nguvu magurudumu yote hukwama kwenye mabonde ya korongo, si kwenye miinuko. Subiri maji yapungue, usiyajaribu.

Kasigau inainuka kutoka nyikani, na kilele chake kiko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Mmisionari Johannes Rebmann alifika hapa mwaka 1847, mmoja wa Wazungu wa kwanza kuingia bara la nchi hii, na mwaka uliofuata, tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kwenda Uchagani, aliona theluji ya Kilimanjaro. Hiyo ndiyo sehemu ya hadithi inayofundishwa shuleni. Sehemu isiyofundishwa ni ya mwaka 1915. Wajerumani walikuwa wakivuka nyika kutoka upande wa Pare kuja kutega mabomu kwenye reli, na Kasigau ndiyo ilikuwa na maji njiani. Waingereza wakawashuku wenyeji kwamba wamewasaidia adui. Wakazi wa mlima mzima wakahamishwa kwa nguvu hadi Malindi, katika joto na malaria ambavyo watu wa milimani hawakuvizoea. Wengi walifia huko. Waliobaki hawakuishi tena chini ya mlima wao hadi miaka ya 1930.

Hakuna hata mmoja wao aliyelala katika makaburi yenye nyasi kule Voi. Ukitaka kujua, lazima uulize, na kuuliza kuna utaratibu wake. Pitia kwa chifu au mzee wa kijiji kwanza, iwe Rukanga, Bungule, Jora, Makwasinyi au Kiteghe. Eleza unatoka wapi na unataka nini. Ukienda kwa mzee wa miaka themanini, nenda na sukari na majani ya chai, kaa, acha salamu zimalizike, na uombe ruhusa kabla ya kuwasha kinasa sauti. Swali la "mwaka gani" halizai kitu. Uliza nani alikuwa amezaliwa, nani alikuwa tumboni, nani alizaliwa Malindi. Majina ya watu hushika tarehe vizuri kuliko namba.

Rudi Voi kabla ya giza. Tembo huvuka usiku.

Siku ya tatu: Mwatate, Wundanyi, Bura

Siku nyepesi kwa gari, nzito kwa kichwa. Voi hadi Mwatate ni kama kilomita 25, mkonge pande zote, kisha barabara ya Wundanyi inaanza kujipinda kupanda. Tumia gia ndogo kushuka, wala usitegemee breki pekee. Harufu ya breki zilizoungua ni ya kila siku kwenye kona hizi. Juu kabisa ni Vuria, mita 2,208, na joto linashuka kiasi cha kutafuta sweta.

Huku Dawida, kwenye milima ya Taita, alama za historia zilikuwepo karne nyingi kabla ya bango la kwanza. Fighi ni msitu mdogo wa mila unaolinda kijiji, haukatwi, hauingiwi hovyo. Mapango ya mafuvu nayo ni kumbukumbu ya ukoo: mzee alizikwa, kisha baada ya muda fuvu lake likafukuliwa na kuwekwa kwenye pango pamoja na ya waliomtangulia. Mmisionari aliyaita upagani. Kwa wenye ukoo, yalikuwa daftari la nani ni wa nani na ardhi ni ya nani. Usiingie pangoni bila mtu wa ukoo husika, usiguse, usipange upya mafuvu ili picha ipendeze. Ni makaburi.

Mwanda, upande wa magharibi wa milima, inabeba jina la Mwangeka, aliyeongoza mapambano dhidi ya kikosi cha IBEA, kampuni ya Waingereza iliyotawala kabla ya serikali ya kikoloni, chini ya Kapteni Nelson mwaka 1892. Kizazi cha baadaye kilipigana kwa karatasi: Taita Hills Association iliundwa mwaka 1939 kupinga kunyang'anywa ardhi na kupunguzwa kwa mifugo, na Mei 1940 serikali ikaipiga marufuku siku zile zile ilipopiga marufuku KCA ya Wakikuyu na chama cha Wakamba. Viongozi, akiwemo Woresha Mengo, wakazuiliwa. Swali la ardhi lililowatia kizuizini bado linasikika katika baraza la chifu hata leo, kwa hiyo chagua maneno unapouliza habari za mipaka na mashamba ya mkonge. Mgeni mwenye daftari na GPS hudhaniwa mpima ardhi.

Shuka jioni hadi Bura, kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1892. Tazama mwaka huo na mwaka wa Mwangeka. Kwenye mawe ya misheni utasoma tarehe za kuwasili na za kuwekwa msingi; hakikisha unazitenganisha daftarini na tarehe ya jengo unaloliona, maana kanisa la mawe huja miaka mingi baada ya padri wa kwanza, na makosa mengi ya historia ya kienyeji huanzia kwenye kuchanganya hizo mbili.

Siku ya nne: Bura, Maktau, Mbuyuni, Salaita, Taveta

Hii ndiyo siku kubwa. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Tarehe 15 Agosti 1914, siku chache baada ya vita kutangazwa Ulaya, Wajerumani chini ya Tom von Prince waliichukua Taveta. Tangu siku hiyo hadi Machi 1916, kipande cha ardhi ya Kenya kilikuwa mikononi mwao, na barabara hii ndiyo ilikuwa mstari wa mbele. Tatizo la Waingereza lilikuwa lile lile la misafara: kati ya Bura na mto Lumi hakuna maji ya kuwatosha maelfu ya watu, farasi na nyumbu. Jibu lao lilikuwa reli na bomba. Reli ya kijeshi ilianza Voi mwaka 1915 na kufika Maktau katikati ya mwaka huo, huku maji yakivutwa kwa bomba kutoka vijito vya Bura. Jeshi lilisonga kwa mwendo wa bomba.

Reli hiyo bado inaonekana karibu njia nzima: tuta la udongo mwekundu, makalvati ya mawe, vituo vilivyofungwa. Egesha, utembee mita mia mbili juu ya tuta. Angalia mahali tuta lilipokatiza korongo, maana hapo ndipo mafundi walipolazimika kujenga, na ndipo doria za Wajerumani zilipopenda kutega. Walizika baruti chini ya reli, na uzito wa injini ndio uliolipua. Waingereza wakaanza kusukuma mabehewa ya mchanga mbele ya injini ili yalipuke yenyewe. Lakini nani alichimba tuta, akabeba mataruma, akatandaza mabomba? Vibarua kutoka India na maelfu ya Waafrika. Jiwe lao ni tuta lenyewe.

Maktau kulikuwa na kambi kubwa, na kuna makaburi ya askari wa Kihindi. Usishangae ukiona majina mengi kuliko makaburi. Wahindu na Masingasinga walichomwa kwa mila zao, hivyo jina hubaki kwenye jiwe la pamoja; Waislamu walizikwa. Soma majina ya vikosi: Baluchi, Kashmir, Punjabi. Ukiwa na muda, kuna makumbusho madogo ya vita hivyo kwenye hoteli ya Taita Hills, hatua chache kutoka barabarani, ambapo vitu vilivyookotwa vimewekwa pamoja na ramani. Ni vizuri kupita huko kabla ya Salaita, kwa sababu ukishaona ganda la risasi la milimita 11 kwenye kabati hutalisahau. Wengi wa askari weusi wa Wajerumani walianza vita na bunduki za Mauser za mwaka 1871, zenye risasi nene na baruti nyeusi iliyotoa wingu la moshi na kufichua aliyepiga. Ganda jembamba lenye ukingo chini ni la .303 la Waingereza.

Kati ya Maktau na Mbuyuni barabara inapita ndani ya Tsavo Magharibi. Hulipi kupita, lakini hushuki. Tembo hupenda kusimama katikati ya lami jioni na alfajiri. Zima muziki, subiri, usipige honi. Utaonyeshwa pia mbuyu wenye matundu, na kusimuliwa habari za mwanamke wa Kijerumani aliyejificha ndani yake akidungua askari. Andika simulizi hiyo kama simulizi. Mbuyu hujiziba majeraha na kutengeneza matundu yake wenyewe. Tundu peke yake halithibitishi risasi.

Mbuyuni, Julai 1915, Waingereza chini ya Jenerali Malleson walishambulia wakarudishwa. Waliichukua baadaye bila taabu kubwa, mapema 1916, na reli ikasogea mbele. Hapo ikabaki Salaita.

Ukiiona Salaita kwa mara ya kwanza huenda ukauliza ndiyo hiyo tu? Ni kilima kifupi, cha mviringo, kilichokaa peke yake kwenye tambarare, kama kilomita kumi na kitu kabla ya Taveta. Chukua kijana wa hapo akuongoze, mkubaliane malipo kabla ya kuanza, vaa viatu vya soli ngumu na suruali ndefu. Kupanda ni nusu saa. Usianze kileleni. Anza chini, upande wa mashariki, kwa sababu kosa la tarehe 12 Februari 1916 lilikuwa hilo hasa: kutazama juu.

Malleson alikuwa na zaidi ya watu 6,000, wengi wao Waafrika Kusini wa Brigedi ya 2 waliokuwa wamewasili wiki chache tu. Ndege zilikuwa zimeona mahandaki karibu na kilele na kukadiria walinzi mia chache. Mizinga ikakipiga kilele asubuhi yote. Mahandaki ya juu yalikuwa ya kudanganyia. Ya kweli yalikuwa chini, kwenye mguu wa kilima, yamefichwa na vichaka, yakiwa na takriban watu 1,400 na bombomu zilizoelekezwa kwenye uwanda uliofyekwa. Waafrika Kusini walizunguka upande wa kaskazini wakaingia moja kwa moja kwenye moto huo, kisha kikosi kingine cha Wajerumani kikatokea vichakani ubavuni mwao. Waliokimbia waliokolewa na Baluchi wa kikosi cha 130, Wahindi ambao asubuhi ile walikuwa wamedharauliwa, waliosimama imara wakazuia shambulio. Hasara ilikuwa watu 172, na 133 kati yao ni Waafrika Kusini.

Sasa tembea. Handaki la zamani halionekani kama shimo. Linaonekana kama mfuo mpana, usiofika goti, ambako nyasi ni ndefu kidogo kwa kuwa maji hutuama humo. Ukipiga picha mchana halitoki kabisa. Piga saa kumi na moja jioni, ukilitazama jua, kivuli kitachora mstari. Ukuta mdogo wa mawe yaliyopangwa kwa nusu duara ni ngome ya mpiga risasi. Mawe yaliyorundikwa ovyo ni ya mchunga mbuzi au mkulima. Weka kitu cha kipimo kwenye picha, andika mwelekeo wa dira na viwianishi. Kisha acha kila kitu mahali pake. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inalinda vitu vya kale, na ganda lililohamishwa limepoteza habari yake yote: lilipokuwa ndipo mtu alipolala akifyatua. Kombora au chochote chenye umbo la chupa ya chuma, usikiguse hata kwa kijiti. Weka alama kwa mbali, uwajulishe polisi.

Ukifika kileleni mwisho kabisa, tazama ulikotoka. Uwanda wote uko wazi hadi Mbuyuni. Inatosha.

Siku ya tano: Taveta, Latema, Chala

Makaburi ya kijeshi ya Taveta yako ukingoni mwa mji. Fanya kama Voi: asubuhi, mwanga wa ulalo, tarehe kwanza. Hapa 12.2.1916 na 11 au 12.3.1916 zinarudi mara nyingi.

Vilima viwili vya mapigano ya Machi, Latema na Reata, viko kusini magharibi, mpakani. Jenerali Smuts wa Afrika Kusini alipochukua uongozi wa majeshi ya Waingereza alizunguka Salaita kwa kaskazini kupitia Chala, na Wajerumani wakaiacha bila vita. Kwenye upenyo wa Latema walisimama. Tarehe 11 Machi mashambulizi ya mchana yalishindwa, na Luteni Kanali Graham wa kikosi cha 3 cha King's African Rifles (KAR) akauawa. Usiku Waafrika Kusini wakatumwa kwa singe. Makundi madogo yalifika kileleni na kung'ang'ania hapo gizani, huku waliobaki chini wakidhani yote yameharibika. Alfajiri amri ya kurudi nyuma ilikuwa imeshatoka, ndipo ikagundulika Wajerumani wameondoka. Kabla hujaelekea huko, piga ripoti kwa polisi wa Taveta na uende na mwenyeji: mpaka ni mawe ya alama vichakani, na simu yako itakukaribisha Tanzania kabla hujajua.

Tafuta kwenye makaburi jina la mpagazi wa Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza. Maelfu kwa maelfu walipita hapa na mzigo kichwani, wakafa kwa njaa na maradhi, wengi wakazikwa pale walipoanguka. Tume ya Makaburi ya Vita yenyewe ilikiri katika ripoti ya Aprili 2021 kwamba waliokufa wasiokumbukwa kwa jina, au wasiokumbukwa kabisa, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, ni angalau 116,000 na huenda wakafika 350,000. Wa Afrika Mashariki waliachiwa sanamu za pamoja mijini Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam.

Kwa waliobakiwa na nusu siku: kasri la Ewart Grogan, aliyetembea kutoka Rasi ya Afrika Kusini hadi Cairo, liko juu ya kilima kutazama mashamba ya mkonge aliyoyaanzisha miaka ya 1930, ni mali ya watu, omba ruhusa getini. Misheni ya Mahoo inastahili zaidi, kwani wamisionari wa Kianglikana wa CMS walichapisha gazeti hapa Taveta tangu 1895, Nairobi ikiwa bado haijawa mji. Na ziwa Chala, kaskazini, ni shimo la volkano ambalo mpaka unalikata katikati. Mwongozaji atakuambia Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Wilhelm, Kaizari wa Ujerumani, Kilimanjaro kama zawadi. Mkataba wa mpaka ni wa mwaka 1886 na Wilhelm alikuja kuwa Kaizari mwaka 1888, kwa hiyo andika chini ya "simulizi", karibu na mwanamke wa mbuyuni. Njia ya kushuka majini ni mwinuko mkali wenye mawe yanayolegea. Shuka njia ikiwa kavu, na uanze kupanda kabla ya saa tisa, maana ukuta wa shimo huzuia upepo na joto hukaa humo.

Siku za soko Taveta ni Jumatano na Jumamosi. Ukitaka kupata matatu ya kurudi Voi yenye nafasi ya mizigo, ondoka siku nyingine.